Kikwembe, fulari na koti katika kujikinga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa watu wa Goma wanaotembea kwa miguu: mama anayefunga meza yake soko la Virunga giza likiingia, mwanafunzi anayerudi Majengo umeme ukiwa umekatika, motari, yaani dereva wa pikipiki, anayengoja mteja wa mwisho. Hawabebi silaha, na hatuwashauri wabebe. Lakini karibu kila mmoja wao ana nguo ya ziada begani, kiunoni au kichwani: kikwembe (kitenge), fulari (skafu) au koti. Hapa tunaeleza nguo hiyo inaweza kufanya nini ukivamiwa, na inashindwa wapi.

Kitambaa kinaweza kweli kumzuia mtu mwenye kisu?

Hapana. Kinakupa sekunde moja hivi na umbali wa mkono mmoja. Kazi zake ni tatu: kumfunika macho, kupunguza makali yanayofika kwenye ngozi ya mkono wako, na kuweka kitu kati ya mwili wako na kisu. Kila mbinu utakayosoma hapa inaishia kwa kuondoka. Anayebaki pale kupigana baada ya kurusha kitambaa ameitupa ile sekunde aliyoipata.

Mara nyingi watu hutuambia kwamba watu wa zamani walipigana kwa nguo na wakashinda. Ni kweli kwamba Italia na Hispania, katika karne ya 16, walimu wa upanga walifundisha kutumia joho lililozungushwa kwenye mkono wa pili. Gaucho, wachunga ng'ombe wa Argentina, walizungusha poncho, vazi lao la kujitanda, kwenye mkono wa kushoto walipopigana kwa visu. Silat, mchezo wa kupigana wa Indonesia na Malaysia, ina mafunzo ya sarung, nguo ya kujifunga kiunoni, hadi leo. Lakini angalia mkono wa kulia wa gaucho: ulishika kisu. Kitambaa kilikinga, chuma kilijibu. Wewe huna chuma, kwa hiyo jibu lako ni miguu.

Na kama wana bunduki?

Toa telefone, toa pesa, toa sakoshi (mkoba). Mikono ionekane, sogea polepole, usiwakazie macho usoni. Usirushe chochote. Kitambaa hakina kazi yoyote mbele ya bunduki, na mwendo wa ghafla ndio unaomfanya mwenye bunduki avute.

Nguo gani inafaa zaidi?

Kikwembe cha pamba kina sifa nyingi. Kipande kimoja, yaani yadi mbili, kina urefu wa karibu mita 1,80 na upana wa mita 1,15 hivi, na uzito wake ni kama gramu 300. Hicho kinatosha. Anayebeba nusu ya pisi, yadi tatu, anapata mizunguko zaidi mkononi, lakini kitambaa kirefu kinaburuta chini na unaweza kukikanyaga mwenyewe ukianza kukimbia. Chagua pamba iliyofuliwa mara kadhaa. Kikwembe kipya chenye wanga wa dukani ni kigumu na kinateleza mkononi.

Bulangeti na taulo nene vinakinga vizuri kuliko kikwembe, ila nani anatembea navyo saa moja ya jioni? Koti la jinsi na jaketi nzito wanazovaa motari ni kinga nzuri sana zikiwa mwilini. Hapo kuna hatari moja ambayo watu wengi hawaifikirii: ukianza kulivua koti mbele ya mtu aliyekwisha kukukaribia, kuna wakati mikono yako yote miwili iko nyuma, imefungwa na mikono ya koti. Huo ndio wakati atakaokuchoma. Kama koti umelivaa, libaki limevaliwa. Kama umelitundika begani, litumie.

Fulari nyembamba ya poliesta ina kazi moja tu, kurushwa usoni, na hata hiyo inaifanya vibaya kwa sababu ni nyepesi na upepo unaichukua. Sweta ya kufumwa kisu kinaipenya kirahisi kwenye matundu. Mshipi wa ngozi si kitambaa, hatuuzungumzii hapa.

Nguo iliyolowa? Kikwembe kilicholowa mvua kinakuwa kizito mara mbili au zaidi, kinafika mbali zaidi kikirushwa, na kinashikamana na uso. Kwa kurusha, mvua inakusaidia.

Nikizungushe vipi mkononi?

Tumia mkono usio na nguvu zaidi. Kwa wengi ni wa kushoto. Kama una muda, yaani umeona kundi la watu mbele na bado wako mbali:

1. Kunja kikwembe kwa urefu wake mara tatu. Utapata mkanda wa upana wa sentimita 14 hivi, wenye tabaka nane.
2. Shika ncha moja ndani ya kiganja, uikaze kwa vidole.
3. Zungusha kuanzia kifundo cha mkono kupanda kuelekea kiwiko, kila mzunguko ukifunika nusu ya ule uliotangulia. Mkono wa mtu mzima unapata mizunguko mitatu au minne.
4. Acha mkia wa sentimita 30 hadi 40 uning'inie upande wa nje. Mkia huo ukitikisika unamsumbua macho, na kisu kinaunasa kabla ya kufika kwenye mkono.

Kosa la kwanza la wanaojifunza ni kukaza. Kitambaa kilichokazwa kinakuwa kama ngozi ya pili na kinakatika kama ngozi. Kilicholegea kidogo kinasogea pamoja na makali, tabaka zinateleza juu ya nyingine, na nguvu ya kisu inapotea njiani. Kilegee kiasi cha vidole viwili kupita chini yake.

Kosa la pili ni kugeuza upande mbaya. Mishipa mikubwa ya damu na kano za vidole ziko upande wa ndani wa mkono, ule unaotazama juu ukifungua kiganja kuomba. Upande huo uelekee kifua chako daima. Upande wa nje, wa mfupa, ndio unaomtazama yeye.

Kosa la tatu: kuubana mkono kifuani. Ncha ya kisu ikipita kwenye kitambaa na mkono uko juu ya mbavu, imekufika. Weka shibiri moja au zaidi kati ya mkono na kifua, kiwiko kimekunjwa, mkono uko tayari kusukuma kando.

Kama huna muda, shika pembe moja ya kikwembe na uzungushe mkono hewani mara tatu ili kijivingirishe chenyewe. Hakitakuwa kizuri, kitatosha. Ila anayefanya hivyo kwa mara ya kwanza siku ya hatari atakiangusha chini. Ndiyo maana tunawaambia dada zetu: ukipita mahali unapopahofia, kizungushe kabla hujafika. Mwanamke aliyezungusha kikwembe mkononi Goma hashangazi mtu yeyote. Kikwembe kilichokunjwa chini ya sakoshi ni kama hakipo.

Hiyo inakinga panga pia?

Haikingi. Kitambaa kinapunguza mkato wa kisu chepesi kinachopitishwa juu ya ngozi. Kisu kinachochomwa moja kwa moja kinapenya tabaka nyingi za pamba, kwa hiyo mkono lazima uusukume mkono wake kando, usiusubiri. Panga ni uzito unaoshuka: hata lisipokata kitambaa, linavunja mfupa chini yake. Kwa panga tafuta kitu kigumu cha kuweka katikati: meza ya soko, chukudu (baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo), mlango, ukuta wa mawe. Na umbali.

Nirushe vipi usoni?

Kikwembe kilichofunguliwa chote kinakamata hewa na kuanguka kabla ya kufika. Kilichofinywa kama mpira kinafika, lakini kinagonga na kudondoka bila kufunika kitu. Kilicho bora kiko katikati: kikunje mara moja kwa urefu, kilaze juu ya mikono yote miwili, kisha kirushe kutoka chini kwenda juu, viganja vikitazama juu. Lenga macho. Umbali mzuri ni kati ya mita moja na mita moja na nusu. Zaidi ya mbili usijaribu. Upepo wa ziwani ukivuma kutoka kwake kuja kwako, usirushe, kitakurudia.

Mambo matatu yafanyike pamoja. Kwanza, kiachilie. Mkono unaong'ang'ania ncha unakubakiza pale, naye anapata kamba ya kukuvuta. Pesa ya kikwembe utaitafuta tena. Pili, toka kwa upande, usirudi nyuma. Ardhi ya hapa ni mawe ya volkano, yameinuka ovyo na yana makali. Anayerudi kinyumenyume mitaa ya Ndosho au Katoyi usiku ataanguka kabla hajapiga hatua tano, na kuanguka mbele ya mtu mwenye kisu ni hatari kuliko kisu chenyewe. Tatu, piga kelele baada ya kurusha, si kabla. Kelele ya kabla inamwonya.

Kelele yenyewe iwe ile ambayo kartie, yaani mtaa, inaijua. Watu wa hapa wamezoea kuamshana kwa filimbi na kwa kugonga sufuria mabandi (majambazi) wakiingia kwenye avenyi. Filimbi ndogo iliyofungwa kwenye pindo la kikwembe haina uzito, na inafika mbali kuliko sauti ya mtu anayekimbia huku pumzi zimemwishia. Tungependa kila mama awe nayo kabla ya kujifunza mengine yote yaliyo hapa.

Nikifunga jiwe kwenye pembe ya kitambaa, si nitakuwa na silaha kali?

Mawe tunayo kila mahali, kwa hiyo swali hili haliishi. Ushauri wetu ni usifanye. Jiwe lililofungwa huna uwezo wa kulisimamisha: likikosa linazunguka na kukurudia gotini au usoni, na usiku utakosa. Linahitaji nafasi ya kuzungushwa, na kwenye kichochoro cha mtaa wa Birere nafasi hiyo haipo. Likipata kichwa, linaweza kuua. Na jiwe ulilolifunga nyumbani asubuhi linamwambia hakimu kwamba ulijitayarisha kumpiga mtu. Kikwembe kitupu hakimwambii hivyo.

Taulo lililolowa likichapwa linauma, na maumivu hayo yanamwongezea hasira mtu aliyelewa bila kumsimamisha.

Naweza kumkaba shingo nacho?

Usimguse shingo kwa kitambaa. Mtu aliyekabwa vizuri anazimia katika sekunde kumi hivi, na kitambaa kisipolegezwa anakufa katika dakika chache. Ukiwa na nafasi ya kumzunguka na kumkaba, ulikuwa na nafasi ya kukimbia.

Nina mtoto mgongoni. Nifanye nini?

Hapa kanuni zinabadilika, na ni mama wachache walioambiwa.

Kikwembe kinachombeba mtoto hakifunguliwi kwa sababu yoyote. Hata kama ndicho pekee ulicho nacho. Ukikifungua una mtoto wa kushika kwa mkono mmoja na huna tena kitambaa wala mkono. Kwa hiyo mama anayetembea jioni na mtoto abebe cha pili begani, hata kipande cha mita moja.

Kumbuka kwamba mgongo wako sasa ndio mahali pa thamani. Anayekusogelea umtazame, mtoto abaki nyuma yako, lakini usijibanze ukutani: ukisukumwa, mtoto ndiye anayegonga ukuta. Acha hatua mbili nyuma yako. Ukiona utaanguka, anguka kwa magoti na viganja, kwenda mbele. Magoti yatachubuka, kichwa cha mtoto kitasalimika.

Ukikimbia, mtoto anaruka na kikwembe kinashuka. Vuta fundo la kifuani kwa mkono mmoja, mkono wa pili uupitishe nyuma chini ya makalio yake. Kimbia umbali mfupi tu, mpaka kwenye mlango wa kwanza wenye taa au kwenye duka lenye watu. Mama mwenye mtoto hafiki mbali kwa mbio, na anayemfukuza anajua hivyo. Kama wanachotaka ni mzigo wa kichwani, uuangushe na uende.

Amenishika kwa fulari iliyo shingoni mwangu. Nitatokaje?

Haraka, kwa sababu muda ni mfupi. Teremsha kidevu kifuani ili kitambaa kisiingie chini yake. Ingiza vidole vya mikono yote miwili kati ya kitambaa na shingo, pembeni, si mbele kwenye koo. Kisha geuka uelekee mkono wake na umsogelee. Mwili unataka kuvuta kwenda mbali, na huko ndiko kitambaa kinakaza. Ukimsogelea kinalegea, kipitishe juu ya kichwa na umwachie.

Kinga yake inaanza nyumbani. Usifunge fulari kwa fundo shingoni. Izungushe mara moja, ncha zote mbili ziwe mbele, ili ikivutwa itoke yenyewe. Ile ya kichwani iliyofungwa kisogoni haina shida, ikivutwa inatoka.

Mkanda wa sakoshi niuvae begani au niukatishe kifuani?

Uliokatishwa kifuani unamshinda mwizi anayekwenda kwa miguu. Mwizi aliye juu ya moto, yaani pikipiki, unamsaidia kukuburuta. Barabarani, sakoshi ikae upande wa ukuta, mkanda begani, na ikivutwa na mtu aliye kwenye moto, iachie. Ndani ya soko, ikatishe kifuani na iwe mbele. Telefone na karata ya uchaguzi, ambayo ndiyo kitambulisho chako, visikae ndani ya sakoshi. Pindo la kiunoni ni salama zaidi.

Mbwa je?

Kwa mbwa kitambaa kinafanya kazi kuliko kwa mtu. Usikimbie. Simama ubavu, kikwembe kiwe mkononi na mkia mrefu mbele, na umpe mkia huo aung'ate. Akishauma kitambaa, kiachie na urudi polepole bila kumpa mgongo. Akikuuma wewe, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo kuuliza chanjo ya kichaa cha mbwa, hata kama jeraha ni dogo. Ugonjwa huo dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona.

Nimekatwa. Kikwembe kinasaidiaje?

Pengine hii ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote zilizotajwa. Kunja sehemu safi, iweke juu ya jeraha, kandamiza kwa kiganja na uzito wa mwili kwa dakika kumi bila kufungua kuchungulia. Damu ikipita, ongeza tabaka juu. Usitoe ya kwanza.

Kama ni mkono au mguu na damu inaruka au inajaza nguo haraka, funga juu ya jeraha. Mkanda uwe na upana wa sentimita 4 au 5 na ukae sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha, upande wa moyo, si kwenye kiwiko wala goti. Funga fundo, weka kijiti kigumu juu yake, funga la pili, kisha zungusha kijiti mpaka damu isimame, na ukifunge kisirudi. Kamba nyembamba inakata nyama na mishipa ya fahamu, usiitumie. Mkanda uliokazwa nusu ni mbaya zaidi: unazuia damu kurudi na kuacha inayotoka iendelee. Utauma sana, na hiyo si dalili ya kosa. Andika saa kwa kalamu kwenye ngozi yake na usilegeze mpaka hospitali.

Sheria inasemaje nikimwumiza?

Hakimu ataangalia kama shambulio lilikuwa linatokea wakati ule, kama halikuwa la haki, kama hukuwa na njia nyingine, na kama ulichofanya kililingana na hatari. Kurusha kitambaa na kusukuma mkono wenye kisu vinaelezeka. Kumpiga mtu aliyekwisha kuanguka, au kumfuata anayekimbia, havielezeki. Mwizi aliyekamatwa na kartie akabidhiwe polisi akiwa hai.

Tufanyeje mazoezi?

Wawili, uwanja usio na mawe, dakika 15, mara mbili kwa wiki. Mmoja avae fulana nyeupe. Mwingine ashike kijiti cha sentimita 20 kilichopakwa makala, yaani makaa. Anayeshambulia ashambulie kweli, haraka, kwa michomo mifupi inayofuatana, maana hakuna mwizi anayenyoosha mkono na kungoja. Wote wavae kaske ya moto, kofia ngumu ya pikipiki yenye kioo, kwa ajili ya macho. Baada ya sekunde kumi simameni, mhesabu alama nyeusi kwenye fulana.

Zitakuwa nyingi. Kisha rudieni, safari hii mwenye kikwembe akirusha mara moja na kuondoka kwa upande. Alama zitapungua sana, na mtaelewa kwa nini tunasisitiza kuondoka. Fanyeni zoezi hilo pia kwenye mwanga hafifu na kwa viatu vya kawaida, sandali kwa anayevaa sandali. Kitu chochote kinachohusu shingo kisifanyiwe mazoezi kwa nguvu.

Nimebakwa, au ndugu yangu amebakwa. Nguo tuzifue?

Msizifue, na aliyetendewa asioge kwanza kama anaweza kuvumilia. Kila nguo ikauke kivulini na iwekwe peke yake ndani ya karatasi au bahasha, si mfuko wa plastiki, kwa sababu plastiki inashika unyevu na kuozesha ushahidi. Kama mmeshafua, nendeni vilevile. Tiba haitegemei nguo.

Muda ndio unaobana. Dawa za kuzuia VVU zinaanza ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu zake. Za kuzuia mimba ni ndani ya siku tano. Goma kuna HEAL Africa, na Bukavu kuna Panzi, hospitali iliyoanzishwa na Daktari Denis Mukwege mwaka 1999. Zote zinapokea waliobakwa. Kituo cha afya cha karibu kinaweza pia kuanza dawa au kuwatuma kwingine. Ombeni karatasi ya daktari yenye tarehe na muhuri. Ubakaji unaadhibiwa na sheria ya Kongo namba 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006, na karatasi hiyo ndiyo wakili atakayoiulizia kwanza, hata kama uamuzi wa kushtaki utakuja miezi mingi baadaye.